Wewe Ndiye Umeishia Hapo

"Nisomee lile la upanga," shangazi aliniambia.

Macho yake hayasomi tena. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikienda kwake Jumapili jioni kumsomea Biblia, na mwenye kuchagua ni yeye. Hataji kitabu wala sura. Atasema "lile la mama wa kisimani", au "lile la Yakobo kushindana mweleka usiku kucha", nami nitalitafuta. Siku hiyo sikuwa na haja ya kutafuta. Waebrania 4:12 ninayo kichwani tangu Shule ya Jumapili. Kitabu nilikifungua kwa heshima tu, nikatamka huku natazama dirishani:

"Maana Neno la Mungu li hai, tena lina nguvu, tena lina ukali kuliko upanga uwao wote ukatao kuwili, tena lachoma hata kuzigawanya nafsi na roho, na viungo na mafuta yaliyomo ndani yake, tena li jepesi kuyatambua mawazo na makusudi ya moyo."

Nikafunga kitabu.

"Endelea."

"Umeishia hapo, Shangazi."

"Haujaishia hapo," akasema. "Wewe ndiye umeishia hapo."

Nilicheka nikidhani ananitania. Hakuwa anacheka. Nikafungua tena, na safari hii ilinibidi kutafuta kwa kidole. Mstari wa 13 niliusoma kwa kusitasita, kama mtu aliyefungua barua isiyo yake:

"Wala hakuna kiumbe kisichokuwa wazi mbele zake, lakini vitu vyote vi utupu na kufunuliwa machoni pake yeye aliye na mambo yetu."

"Ehe," akasema. "Sasa."

Hakuongeza neno. Tuliongea mambo mengine, nikaaga. Lakini jambo lile nililibeba hadi nyumbani, na limenikalia majuma sita sasa.

Aliyeshika mpini

Acha niseme kilichonichoma.

Majuma mawili kabla ya jioni ile, nilikuwa nimemtumia ndugu mmoja wa kikundi chetu cha kujifunza Biblia mstari ule ule wa 12. Tulikuwa tumetofautiana juu ya jambo ambalo nikiliandika hapa litaonekana dogo, na kweli lilikuwa dogo. Nilimwandikia hoja zangu tano zikiwa na namba, kisha chini kabisa nikabandika: "Maana Neno la Mungu li hai..." Tafsiri yake kwa Kiswahili cha kila siku ilikuwa: umekatwa.

Hakujibu. Kimya chake nilikihesabu kuwa ushindi.

Baada ya kutoka kwa shangazi nilishusha madaftari yangu ya mafundisho. Nimeongoza vikundi kwa miaka zaidi ya kumi, kwa hiyo ni mengi. Nikayapekua yote. Waebrania 4:12 nilikuwa nimeifundisha mara tisa, chini ya vichwa vya habari kama "Silaha Yetu" na "Nguvu ya Neno". Mstari wa 13 haukuwamo hata mara moja. Niliupita mara tisa kama mtu apitaye mlango asiotaka kuujua.

Na kilichonisimamisha pale ni namba tu. Namba zenyewe ni za juzi: mgawanyo wa sura tuliouzoea unahusishwa na askofu Mwingereza, Stephen Langton, mwanzoni mwa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya tunazotumia ziliwekwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Waliosomewa barua ile kwanza hawakuwa na alama ya kuwaambia "pumzika hapa". Msomaji aliposema "mawazo na makusudi ya moyo", sauti ilikwenda moja kwa moja mpaka "machoni pake". Upanga na macho vilikuwa pumzi moja.

Mimi nilikata pumzi ile katikati, nikabaki na upanga.

Li na yeye

Kuna kitu ambacho Biblia yetu ya Kiswahili inakionyesha wazi, nami nilikuwa sijakitazama.

Yohana anaanza: "Hapo mwanzo kulikuwako Neno, naye Neno alikuwako kwa Mungu, naye Neno alikuwa Mungu." *Neno alikuwako.* Mtoto wa shule akiandika hivyo katika insha, mwalimu wa sarufi atapiga mstari mwekundu, maana neno ni la li-ya: neno lilikuwako, maneno yalikuwako. Wafasiri walijua sarufi. Waliivunja kwa makusudi kwa sababu Neno la Yohana si kitu. Ni mtu. "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu."

Waebrania wao wanasema "Neno la Mungu *li* hai". Hapo sarufi imerudi mahali pake: li hai, lina nguvu, lachoma. Neno ni kitu tena, kitu kikali, kitu ambacho mtu anaweza kudhani amekishika mkononi. Halafu unavuka kwenda mstari wa 13, na ghafla ni "mbele zake", ni "machoni pake *yeye*". Hakuna aliyetangaza mabadiliko. Ulikuwa unazungumza juu ya *li*, ukainua uso, ukakuta *yeye* anakutazama.

Nimeitazama aya hiyo siku nyingi, na bado kuna jioni inaniogopesha kidogo.

Kigiriki chake kinaongeza makali. Neno *logos* liko mwanzoni mwa mstari wa 12, Neno la Mungu. Na ndilo neno la mwisho kabisa la mstari wa 13. Pale tunaposoma "yeye aliye na mambo yetu", Kigiriki kinasema karibu hivi: yeye ambaye kwake sisi tuna logos, yaani tuna maneno ya kujibu, tuna hesabu ya kutoa. Aya imefunguliwa na Neno lake kwetu na kufungwa na neno letu kwake.

Na lile neno "kufunuliwa" limetoka katika shina la *trakhelos*, shingo. Wataalamu wanabishana kama picha ni ya mnyama wa sadaka aliyeinuliwa shingo au ya mwanamieleka aliyekabwa. Kwangu ubishi huo haubadilishi kitu. Shingo ni shingo. Mimi nilidhani nimeshika mpini.

(Upanga wenyewe, *makhaira*, ni neno pana. Katika Agano la Kale la Kigiriki ndilo neno la kile kisu ambacho Ibrahimu alikichukua alipopanda mlimani na Isaka. Tangu nijue hilo, siwezi tena kuusoma mstari wa 12 na kuona picha ya askari tu.)

Somo langu la sehemu tatu

Hapa lazima nikiri jambo la aibu ya kitaaluma, kama mwalimu wa kujitolea anaweza kusema ana taaluma.

Wengi wetu tumelisikia fundisho hili: *logos* ni Neno lililoandikwa, lililotulia kwenye karatasi, *rhema* ni Neno linalokujia wewe, leo, likiwa na moto. Nimelifundisha. Nina somo zima la sehemu tatu lililosimama juu ya tofauti hiyo, na watu walikuwa wakilipenda.

Shida ni kwamba mistari yenyewe haikubali. Neno lililo hai katika Waebrania 4:12 ni logos. Upanga wa Roho katika Waefeso 6:17 ni rhema. Na Petro, katika sura ya kwanza ya waraka wake wa kwanza, anasema tumezaliwa mara ya pili "kwa neno la Mungu lenye uzima", hiyo ni logos. Mistari miwili mbele anasema Neno la Bwana hudumu hata milele, hiyo ni rhema, na papo hapo anaongeza kwamba hilo ndilo walilohubiriwa. Anazungumzia kitu kimoja kwa maneno mawili, kama sisi tunavyosema "njia" na "barabara".

Niligundua hili usiku wa manane, nikakasirika. Kumbe hata pale nilipokuwa nasema "neno hai" nilikuwa sijalisoma.

Andiko huua?

Katika duru zetu kuna hofu ambayo husemwa kwa sauti ya upole: usisome sana, utakauka. Mwenye kuisema huwa na mstari wake tayari, "andiko huua, bali roho huhuisha". Sikatai kwamba mstari upo. Lakini ukiusoma pamoja na majirani zake, Paulo anazungumza juu ya huduma ya agano lililochorwa katika mawe na huduma ya agano jipya. Madaftari na kalamu hayamo katika mjadala ule. Ni ajabu kutumia mstari uliopasuliwa kutoka katika sura yake ili kuwaonya watu wasisome sura.

Hata hivyo hofu yenyewe naijua kwa ndani, siwezi kuicheka.

Kulikuwa na mwaka mmoja ambao nilijifunza kuliko wakati wowote. Nilijua nani aliandika nini, lini, kwa nani. Nilikuwa na kalamu za rangi nne. Na mwaka ule sikuomba, au niliomba kama mtu anayejaza fomu. Nikikaa mbele ya Zaburi niliona muundo wake, jinsi mstari wa pili unavyorudia wa kwanza, nikafurahi kuuona, nikafunga. Yesu anawaambia watu wa namna yangu, "Mwayachunguza maandiko, kwa sababu mnadhani kwamba ninyi mna uzima wa milele ndani yake, na hayo ndiyo yanayonishuhudia. Wala hamtaki kuja kwangu mpate kuwa na uzima." Mstari huo nilikuwa nimeuwekea rangi ya kijani. Kijani ilikuwa ya mijadala na Mafarisayo.

Nilipochoka na ukavu ule nilikimbilia upande wa pili. Nikaacha madaftari. Nikawa nafungua Biblia popote, kidole kinaangukia mstari, na huo ndio unakuwa ujumbe wa siku. Nilikuwa na mfano mkubwa wa kujitetea: Augustino, yule mwalimu mkuu wa kanisa la kale. Nani asiyeijua habari ile? Milano, mwaka 386, bustanini, sauti ya mtoto ikiimba "chukua, soma", naye anafungua na macho yanaangukia Warumi 13. Maisha yanageuka palepale.

Miaka ilipita kabla sijaisoma habari yenyewe kama alivyoisimulia. Siku hiyohiyo, kabla ya bustani, mgeni wao Ponticianus alikuta kitabu juu ya meza. Akakifungua, akidhani ni moja ya vitabu vya kazi ya Augustino ya kufundisha ufasaha. Ni Paulo. Augustino akamweleza kwamba maandiko yale amekuwa akiyashughulikia kwa bidii sana. Yaani kitabu kilikuwa karibu kwa sababu alikuwa akikisoma. Mstari uliompata haukumwangukia kutoka angani. Ulimkuta mtu aliyekwisha kukaa na barua zile muda mrefu, akizielewa na kushindwa kuzitii. Na baadaye, katika barua kwa Januarius, Augustino huyohuyo alisema haimpendezi desturi ya watu kuifanya Injili kuwa kitu cha kupigia kura juu ya mambo yao.

Basi sikuwa na mtetezi.

Nilibaki kati ya njia mbili ambazo zote nilikuwa nimezijaribu. Kusoma kwa kalamu za rangi kulinikausha. Kufungua popote kulinifanya nisikie sauti yangu mwenyewe ikijibu maswali yangu mwenyewe. Hapo ndipo shangazi alinikuta na "endelea" yake.

Alisomaje yeye?

Swali lililofungua fundo lilikuja kwa kuchelewa, kama juma la nne. Huyu aliyeandika "Neno la Mungu li hai", yeye mwenyewe alikuwa anasoma vipi?

Jina lake hatunalo. Origen, mwalimu wa kanisa wa karne ya 3, alisema nani aliiandika barua hiyo Mungu ndiye ajuaye. Lakini namna yake ya kusoma tunayo mbele yetu, kwa sababu sura ya 3 na ya 4 ni mtu anayesoma Zaburi ya 95 mbele ya macho yetu. Nikarudi nyuma ya mstari wa 12, mahali ambapo sikuwahi kuanzia.

Anainukuu Zaburi: "Leo, kama mtaisikia sauti yake, msifanye migumu mioyo yenu." Anauliza ni akina nani walioikasirisha sauti ile; anajibu, ni waliotoka Misri na Musa. Halafu anafanya jambo ambalo ningelipita kabisa. Anauliza *lini*. Zaburi hii, anasema, imenenwa katika Daudi, "baada ya muda mwingi". Yoshua alikwisha kuwaingiza watu katika nchi zamani. Sasa kama ile ilikuwa ndiyo raha yenyewe, kwa nini Mungu bado anaitaja siku nyingine karne baadaye? "Maana kama Yoshua angaliwapa raha, asingaliinena siku nyingine baadaye."

Ni hoja ya tarehe! Hoja nzima imesimama juu ya nani aliishi kabla ya nani.

Tena anafuata neno. Zaburi inasema "rahani mwangu". Mwanzo inasema Mungu *alistarehe* siku ya saba. Kiswahili kimetumia maneno mawili, lakini katika Kigiriki alichosoma yeye ni shina moja, naye anayaunganisha maandiko mawili kwa shina hilo na kuonyesha kwamba raha inayozungumzwa ni kubwa kuliko shamba na nyumba huko Kanaani.

Kwa lugha ya duru zetu, huyu mtu ni msomi mkavu. Anahesabu miaka, analinganisha maneno, anauliza muktadha. Angekuwa na kalamu za rangi angezitumia.

Na ni huyu, baada ya kazi hiyo yote, anayefika mahali na kusema: Neno hili li hai.

Tazama pia alivyoianza nukuu yake, katika 3:7. Hakusema "kama alivyonena" Roho Mtakatifu. Alisema "kama *anenavyo*". Zaburi ya kale, juu ya watu wa kale zaidi, na kitenzi kiko katika wakati uliopo. Ile "leo" aliipata palepale penye tarehe. Asingejua kwamba Zaburi ilikuja baada ya Yoshua, asingejua kwamba mlango bado uko wazi.

Mimi nilikuwa nikitafuta uhai wa Neno katika hisia nitakazopata nikilisoma, na nisipozipata nalaumu ama daftari ama moyo. Yeye hataji hisia mahali popote. Wale wa jangwani, anasema, walisikia habari njema kama sisi, "lakini neno lile lililosikiwa halikuwafaa hao, kwa sababu halikuchanganyika na imani ndani yao waliosikia". Neno halikuwa limekufa jangwani. Lilikuwa hai kiasi cha kuwahukumu. Mwaka wangu mkavu, basi, ninausoma tofauti sasa: huenda Neno lilikuwa likinifanyia kazi wakati wote, nami kila likifika shingoni nilikuwa nafunga kitabu na kwenda kuandaa somo la watu wengine.

Naandika "huenda" kwa sababu sina hakika. Kuna asubuhi bado nasoma na hakuna kitu, na sitaki kudanganya kwamba nimepata ufunguo.

Ujumbe

Juma lililopita nilimwandikia yule ndugu. Niliandika mengi, nikafuta. Mwisho nilibakiza hivi: "Ule mstari niliokutumia una mwenzake, wa 13. Wa 12 nilikupa wewe kimakosa. Yote miwili ilikuwa yangu."

Siku mbili baadaye akajibu: "Tutazungumza."

Bado hatujazungumza.

Jumapili iliyopita

"Lile la upanga," shangazi akasema tena, bila mimi kumwambia lolote.

Nilisoma kitabu kikiwa magotini, macho yakiwa kwenye ukurasa. Wa 12. Wa 13. Nilipofika "aliye na mambo yetu" nilinyamaza, nikidhani nimemaliza somo langu.

"Endelea."

Nikaendelea. Sikuwa nimewahi kuona kwamba baada ya shingo kuna kuhani. "Kwa kuwa hamna kuhani mkuu asiyeweza kuchukuana nasi katika mambo yetu ya udhaifu..." Sauti yangu ilianza kuniangusha, shangazi akajifanya hasikii. "Basi na tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri, ili tupewe rehema, na kupata neema ya kutusaidia wakati wa mahitaji."

Nikasubiri aseme endelea.

"Hapo," akasema. "Hapo sasa unaweza kufunga."